Kamusi Ipi kwa Mchina Anayejifunza Kiingereza? Tuzipime kwa Neno "Convenient"

Mchina aliyesoma Kiingereza tangu shule ya msingi, mwenye msamiati wa kumtosha kusoma gazeti, anaweza kukuandikia: "Are you convenient tomorrow?" Anachouliza ni kama kesho una nafasi. Ukitazama maneno yake moja moja, yote ni sahihi. Kilichoharibika ni kiima. Kwa maana hii, Kiingereza hakimwiti mtu "convenient". Saa inaweza kuitwa hivyo, mahali panaweza, njia ya kulipa inaweza, lakini mtu hapana.

Kichina hakina mpaka huo. "Nǐ míngtiān fāngbiàn ma?" ni swali la kila siku, na kiima chake ni "nǐ", yaani wewe. Fāngbiàn limebeba mengi: urahisi wa kufanya jambo, kuwa na nafasi, hata kwenda msalani kwa lugha ya staha. Tambi zinazoiva kwa maji ya moto huitwa fāngbiànmiàn. Kamusi inayosema tu kwamba "convenient" ni "fāngbiàn de" haijasema uongo. Imempa mwanafunzi neno linaloenea kuliko lile aliloliulizia, kisha ikamwacha alitumie kwa desturi za Kichina.

Ndiyo maana nimelichagua neno hili kuwa kipimo. Wapo Waswahili wanaofundisha Kiingereza kwa Wachina, wengine huko China kwenyewe, wengine katika ofisi za Nairobi au maduka ya Kariakoo, na swali wanaloulizwa na wanafunzi wao ni hili: ninunue kamusi gani? Madukani na kwenye simu kuna aina nne kubwa. Nitazilinganisha kwa kuangalia kila moja inamfanya nini mtu aliyeandika sentensi ile ya juu.

Kamusi thaniya ndogo, pamoja na daftari la maneno

Hii ndiyo ya kwanza kwa karibu kila mwanafunzi: neno la Kiingereza kushoto, maana ya Kichina kulia. Ukifungua "convenient" utakuta "fāngbiàn de, biànlì de", labda na sentensi moja, basi.

Kwa nini imeshika mizizi hivi? Mitihani imechangia sana. Tangu 2001 China imeelekeza somo la Kiingereza lianze darasa la tatu. Kuna Kiingereza katika mtihani wa kuingia chuo kikuu, na ukishaingia kuna ule unaoitwa sìjí, ulioanza 1987. Njia iliyozoeleka ya kujiandaa ni bèi dāncí, kukariri maneno kwa orodha. Orodha nyingi zimepangwa kwa alfabeti, kwa hiyo neno la mwanzo huwa "abandon" na tafsiri yake "fàngqì". Vijana wenyewe hutania kwamba neno la kwanza walilofundishwa ni kuacha. Na hapo hapo mtego umeshategwa: fàngqì husemwa hata kwa mtu aliyeacha fursa au aliyekata tamaa katikati ya mtihani, ilhali "abandon" lina uzito wa kutelekeza, la mtoto aliyetupwa au meli iliyoachwa baharini na mabaharia wake. Orodha haisemi hilo.

Lakini tusiidharau kamusi hii, kwa sababu kuna kazi ambayo hakuna nyingine inayoiweza kama yenyewe: majina ya vitu. Mwambie Mchina kwa Kiingereza kwamba "plum" ni tunda la mviringo, ngozi laini, kokwa moja katikati, na atabaki na matunda matano kichwani. Mwambie "lǐzi", mmemaliza. Surua, saruji, nyati, boriti, kitovu: maneno kama haya yanataka tafsiri, na kumlazimisha mtu ayasome kwa maelezo ya Kiingereza ni kumpotezea muda.

Hata kwenye ukoo kamusi thaniya ina uaminifu wake. "Uncle" likifika kwenye Kichina lazima lipasuliwe: bóbo ni kaka mkubwa wa baba, shūshu ni mdogo wake, jiùjiu ni ndugu wa kiume wa mama, gūfu ni mume wa shangazi, yífu ni mume wa mama mdogo au mama mkubwa. Msomaji wa Kiswahili anaelewa mara moja, maana naye ana baba mkubwa, baba mdogo na mjomba, na anajua haviwekwi kwenye kapu moja. Kamusi thaniya nzuri huorodhesha yote, na mwanafunzi anaona kwamba Kiingereza hakitofautishi. Hapo tafsiri imefundisha kitu cha kweli.

Kwa hiyo kamusi hii inafaa kwa nomino na inadanganya kwa vitenzi na vivumishi. Mtu wetu wa "convenient" atakifunga kitabu akiwa na uhakika zaidi wa kosa lake.

Iko pia thaniya kubwa, na ni haki kuitaja kando. Yīng-Hàn Dà Cídiǎn, iliyosimamiwa na Lu Gusun wa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, ilitoka kwa majuzuu mawili, 1989 na 1991, na toleo la pili likaja 2007. Ni kazi ya heshima, yenye vidahizo, yaani maneno yanayoelezwa, vipatavyo 200,000. Mfasiri wa riwaya au wa mikataba anaihitaji mezani. Mwanafunzi anayetaka kuandika sentensi sahihi haihitaji. Imetungwa kumsaidia anayesoma Kiingereza kigumu, na huyo ni mtu mwingine.

Kiingereza kwa Kiingereza

Kamusi wahidiya za wanafunzi, zinazoeleza Kiingereza kwa Kiingereza chepesi, ni uvumbuzi ambao Asia ya Mashariki ina sehemu yake. A. S. Hornby, Mwingereza, alikwenda Japani 1924 kufundisha, akaona wanafunzi wake wanajua maana za maneno lakini hawajui kuyaunganisha. Yeye na wenzake wawili, Gatenby na Wakefield, wakatunga kamusi iliyochapwa Tokyo 1942, katikati ya vita. Oxford wakaichapa upya 1948, na uzao wake ndio Oxford Advanced Learner's Dictionary ya leo. Kitu kipya cha Hornby kilikuwa kuonyesha kila kitenzi kinafuatwa na nini. Hilo ndilo hasa Mchina analolihitaji, na nitaeleza kwa neno jingine kabla ya kurudi kwenye "convenient".

"Suggest" kwa Kichina ni jiànyì. "Wǒ jiànyì tā qù" ni Kichina safi: mimi, jiànyì, yeye, kwenda. Mwanafunzi anahamisha mpangilio ule ule na kuandika "I suggest him to go". Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa kuwa lugha yake imetenganisha kazi mbili: unamshauri mtu, lakini unapendekeza jambo. "Ninamshauri aende" ina mtu ndani ya kitenzi. "Ninapendekeza aende" haina. Kiingereza kinafuata mgawanyo huo huo kati ya "advise" na "suggest". Jiànyì linafanya kazi zote mbili, na kamusi thaniya ndogo ikiandika jiànyì bila kusema linafuatwa na nini, mwanafunzi hana namna ya kujua. Kamusi za wanafunzi za Oxford na Longman huonyesha muundo wa kitenzi hiki waziwazi, pamoja na mifano.

Sasa tuziweke tatu kubwa sambamba kwa "convenient".

Oxford inaeleza sifa ya neno kwa ufupi, kisha inaweka kihusishi linachoandamana nacho: "convenient for somebody". Anayejua kusoma alama za kamusi ataelewa kwamba mtu anakaa nyuma ya "for", wala si mbele. Asiyejua atapita tu. Nguvu ya Oxford iko kwenye mifano yake na mpangilio safi wa maana. Udhaifu wake ni kwamba inamtaka msomaji awe amefundishwa kuisoma.

Longman, iliyotoka mara ya kwanza 1978, ilijifunga kueleza maneno yake yote kwa msamiati wa maneno 2000 hivi. Hii ni zawadi kwa mtu wa kiwango cha kati. Hakuna kinachokatisha tamaa kama kutafuta neno moja ukarudi na matatu mengine ya kutafuta. Kwa "convenient" Longman inazungumzia kitu kinachokupunguzia muda na kisichovuruga mipango yako, na kutokana na maelezo hayo mwanafunzi makini anaweza kugundua kwamba wewe ndiye unayefaidika, si wewe unayeelezwa.

Ya tatu ni COBUILD, na hapa sifichi mapenzi yangu. Ilitoka 1987, matunda ya kazi iliyoongozwa na John Sinclair katika Chuo Kikuu cha Birmingham pamoja na kampuni ya Collins. Walikusanya mamilioni ya maneno kutoka kwenye maandishi na mazungumzo halisi, wakayaingiza kwenye kompyuta, wakaangalia watu wanasema nini kabla ya kuandika maana. Kisha wakachukua uamuzi wa kishujaa: kueleza neno kwa sentensi kamili, neno lenyewe likiwa ndani, katika mazingira yake ya kawaida. Kwa Kiswahili, wanavyoeleza "convenient" ni kama kusema: njia ya kufanya jambo ikiwa "convenient", basi ni rahisi au inafaa sana kwa kusudi fulani. Tazama kiima. Ni njia, wala si mtu. Mwanafunzi hajaambiwa kanuni yoyote ya sarufi, lakini mfano sahihi umeshapita machoni pake kabla hajafika mwisho wa sentensi. Kwa Wachina, ambao makosa yao mengi makubwa ni ya nani anafanya nini kwa nani, sijui mbinu bora kuliko hii.

Ina ubaya wake. Maelezo ni marefu, na kwa nomino yanachosha: huhitaji sentensi mbili kujua kijiko. Pia mtindo wake wa "ukifanya hivi, basi…" unamchanganya anayeanza.

Na ubaya mmoja ni wa zote tatu. Mwenye msamiati mdogo hawezi kuzitumia kabisa. Walimu wengine huwakataza wanafunzi wa mwanzo kugusa Kichina, wakiamini wataanza kufikiri kwa Kiingereza. Ninachokiona ni kinyume: mwanafunzi anasoma maelezo ya Kiingereza, anakisia neno la Kichina, analiandika pembeni kwa penseli, na anachokariri ni kile alichokisia. Tafsiri imefanyika vile vile, tofauti ni kwamba imefanywa na asiyejua badala ya mtunzi wa kamusi.

Ya fasili mbili

Wachina wana jina zuri kwa aina ya tatu: shuāngjiě, yenye kueleza mara mbili. Inachukuliwa kamusi wahidiya nzima, kama Oxford, na kila maelezo na kila mfano unaongezewa Kichina chini yake. Ya Oxford kwa China bara huchapwa na Commercial Press, shirika lililoanzishwa Shanghai 1897 ambalo sasa liko Beijing. Za Longman na COBUILD zimechapwa na shirika la vitabu la Chuo Kikuu cha Mafunzo ya Lugha za Kigeni cha Beijing.

Watu wengi huzinunua kwa kudhani faida yake ni kupata Kichina wanapokwama kwenye Kiingereza. Ni faida, lakini ndogo. Faida kubwa iko kwenye mifano iliyotafsiriwa. Katika "convenient", mwanafunzi ataona mfano wa Kiingereza ambao kiima chake ni saa au "it", na chini yake Kichina cha kawaida ambacho kiima chake huenda ni "nǐ". Yaani anaona kwa macho yake mahali ambapo mtafsiri hodari alilazimika kugeuza sentensi. Hakuna orodha inayoweza kumwonyesha hilo, na hata kamusi ya Kiingereza peke yake haiwezi, kwa sababu haijui msomaji wake anatoka lugha gani. Mwalimu anayejua kutumia kitabu hiki humwambia mwanafunzi: usisome tafsiri ya neno, soma tafsiri ya mfano, kisha niambie nini kimehama.

Ukimfundisha Mchina na wewe ni Mswahili, una zana ya ziada hapa ikiwa naye anakijua Kiswahili kidogo, jambo la kawaida kwa waliokaa Afrika Mashariki miaka kadhaa. "Saa nne inakufaa?" Kiima ni saa, na mtu yuko katikati ya kitenzi kama anayefaiwa. Ni umbo lile lile la "Is ten o'clock convenient for you?" Kitenzi kufaa kitamfikisha haraka kuliko fāngbiàn.

Hasara ya shuāngjiě ni uvivu unaoualika. Jicho la Mchina hukimbilia Kichina kwanza, hilo halizuiliki, na mwenye haraka ataishia hapo. Halafu ni nzito. Ya Oxford ina zaidi ya kurasa 2000, na hakuna anayeibeba kwenye daladala.

Simu

Kwa wengi mjadala wa vitabu umeshapitwa, kwa sababu kamusi yao ni Youdao, ya kampuni ya NetEase, iliyoanza 2007. Wapo pia wanaokariri kwa programu kama Baicizhan, inayoonyesha neno pamoja na picha. Nazungumzia zaidi Youdao kwa kuwa ndiyo inayofunguliwa mtu anapoandika.

Youdao ni kamusi zote zilizotangulia, zikiwa zimerundikwa moja juu ya nyingine. Mstari wa juu ni thaniya ndogo kabisa: "convenient", "fāngbiàn de". Ukiteremka chini unakuta maelezo ya Collins, yale ya sentensi kamili, pamoja na Kichina chake, na nyota zinazoonyesha neno linatumika mara ngapi. Ukiteremka zaidi kuna sentensi zilizookotwa mtandaoni, nzuri na mbovu pamoja. Kwa hiyo tofauti kati ya kamusi mbaya na nzuri kabisa ni kidole kimoja. Tabu ni kwamba wengi wanaishia juu. Ningekuwa na dakika moja tu na mwanafunzi, ningeitumia kumwonyesha mahali pa Collins kwenye simu yake.

Kutafsiri sentensi nzima kwa mashine ni jambo jingine. Ukiandika "Nǐ míngtiān fāngbiàn ma?" mashine za sasa zitakupa Kiingereza kizuri, na kwa kutuma ujumbe inatosha. Lakini zinakupa matokeo bila kukuonyesha kilichogeuzwa, na kesho mbele ya mteja, bila simu mkononi, mdomo utarudi kwenye kiima kile kile cha Kichina.

Basi achague ipi?

Anayeanza, mwenye maneno mia chache: thaniya ndogo au mstari wa juu wa Youdao, bila aibu. Anajifunza majina ya vitu, na ndiyo kazi yake kwa sasa. Asikariri kwa orodha ya alfabeti tu. Kila kitenzi akiandike ndani ya sentensi fupi ambayo mwalimu ameisahihisha.

Wa kati, ambaye tayari anaandika barua pepe na anafanya makosa ya "convenient", "suggest" na "marry with" (badala ya "marry" tu): shuāngjiě. Kati ya Oxford na Longman, ningempa Longman kama Kiingereza chake bado kinayumba, Oxford kama anajiandaa kwa mitihani na ana mwalimu wa kumfundisha kusoma alama zake. Kama tatizo lake hasa ni vitenzi, COBUILD ya fasili mbili, hata kama imetumika. Toleo la miaka kumi iliyopita halimpunguzii chochote, maana "convenient" halijahama.

Aliyebobea atumie wahidiya, na afungue thaniya kwa nomino tu. Mfasiri ndiye wa kuihitaji ile ya Lu Gusun.

Kabla ya kulipa, kuna kipimo kinachochukua dakika chache dukani. Fungua maneno matatu: "convenient", "suggest" na "borrow". La tatu ni kwa sababu Kichina husema jiè kwa kuazima na kwa kuazimisha, kama sisi tunavyoweza kusema azima kwa pande zote mbili, na kamusi iliyomjali mwanafunzi wa Kichina itaonyesha kwa mfano kwamba "borrow" ni upande wa anayepokea. Ikiwa katika maneno hayo matatu kuna tafsiri tu na hakuna sentensi, kirudishe kitabu rafuni, hata kiwe na jalada zuri namna gani.

Angalia pia maandishi. Za China bara zimechapwa kwa herufi zilizorahisishwa. Za Hong Kong na Taiwan kwa herufi za asili. Ukimnunulia mtu wa Taipei ile ya Beijing ataisoma, lakini kwa kujikongoja, na mtu anayejikongoja kwenye lugha yake mwenyewe hatakaa na kamusi muda wa kutosha kuona mfano wa pili.